Ngezi hadi Ras Kigomasha: matembezi ya familia na swali la mchanga

Ilipoletwa mezani hoja ya kuzipeleka familia za msikiti wetu kutembea katika msitu wa Ngezi na pwani ya Vumawimbi, kisiwani Pemba, kikao cha kamati kiligawanyika. Mweka hazina alisema, na wala hakukosea kusema hivyo, kwamba nauli ya boti kwa watu 31 inatosha kununua saruji nyingi, na kwamba watoto 46 wa madrasa yetu wanasomea barazani wakisubiri darasa ambalo bado liko kwenye msingi. Kina mama nao walikuwa wameleta hoja yao: watoto wa mjini bahari wanaijua ya kuogelea siku ya Idi tu, na msitu wanauona ndani ya simu. Mwenyekiti akakata shauri kwamba kila familia ijilipie, na mfuko wa ujenzi usiguswe hata kwa shilingi moja.

Sisi tunaoandika makala haya ndio tunaoshika kalamu ya kamati hiyo. Tuliuandika uamuzi ule katika daftari la kumbukumbu tukiamini kwamba ujenzi wa madrasa na matembezi ya familia ni mambo mawili yasiyokutana. Tulikuwa tumekosea, na ndiyo sababu tukaona haifai habari hii ibaki ndani ya daftari.

Waarabu wa kale walikiita kisiwa cha Pemba al-Jazira al-Khadhra, yaani kisiwa cha kijani. Mkondo wa bahari wenye kina kirefu umekitenga na bara, na hapo zamani misitu ilifunika sehemu kubwa ya ardhi yake. Katika karne ya 19 mikarafuu ilichukua nafasi ya misitu hiyo kwenye vilima vingi. Ngezi, uliopo kaskazini magharibi, mbele ya mji mdogo wa Konde katika Wilaya ya Micheweni, ni msitu wa asili uliosalia, wenye zaidi ya hekta 1,400. Mtu akianzia lango la msitu na kuelekea kaskazini kwa miguu, kwa kutwa moja atapita kwenye miti mirefu, ardhi ya majimaji, uwanda wa vichaka na matuta ya mchanga, kisha ufukwe mrefu mweupe, mpaka afike kwenye mnara wa taa wa Ras Kigomasha, ncha ya mwisho ya kisiwa. Hiyo ndiyo njia tuliyoichagua.

Adabu ya msafara

Tulivuka kutoka Unguja siku ya Ijumaa baada ya Sala, tukashukia Mkoani, na usiku tukalala Konde kwa wenyeji waliotupokea kwa ukarimu ambao Wapemba hawahitaji kufundishwa. Alfajiri ya Jumamosi, baada ya kusali, tulimchagua amiri wa safari kama Sunna inavyotuelekeza. Kauli yake ya kwanza ilikuwa kwamba mwendo wetu utapimwa kwa miguu ya aliye dhaifu kuliko wote. Kwa hiyo mbele kabisa aliwekwa bibi wa miaka 68, mama wa mmoja wa wajumbe, pamoja na watoto wadogo. Vijana wenye nguvu waliwekwa nyuma wakiwa na madumu ya maji, mikate ya mofa na tende. Baadhi ya vijana walinung'unika. Lakini kabla ya adhuhuri wao wenyewe walikiri kwamba msafara uliotangulizwa na bibi haukumpoteza mtu, wala haukumwacha mtu nyuma.

Pale langoni tulilipa ada ya kuingia, tukapewa mtembezaji. Alikuwa mzee wa makamo, mvuvi wa zamani, ambaye sasa anaujua msitu kama alivyokuwa akiujua mwamba. Watoto walimwamkia, "Shikamoo, Babu," na tangu hapo sote tukamwita Babu.

Ndani ya msitu

Kitu cha kwanza kinachomgusa mtu aingiapo Ngezi ni ubaridi. Jua lililokuwa likichoma barabarani hubaki juu ya vilele vya miti, na chini huwa kuna kivuli cha kijani na harufu ya majani yaliyooza. Babu alituonesha mivule ambayo watu watatu wakishikana mikono hawaizunguki. Alituonesha mpapindi, mnazi-mwitu mwembamba ambao asili yake ni Pemba. Alituonesha migomba-mwitu ambayo ndugu zake wako Asia, na ambayo inadhaniwa kuwa ililetwa na mabaharia wa zama zilizopita. Juu ya matawi walikuwepo kima punju, ambao wahenga wao walichukuliwa Unguja na kuachiwa hapa katika miaka ya 1970. Katika njia hiyo tulipita pia penye mabaki ya kinu cha zamani cha kupasulia mbao. Chuma kimeshika kutu, na mizizi imekikumbatia kana kwamba inakizuia kisiamke tena.

Watoto walishituka walipooneshwa popo. Popo wa Pemba ni mkubwa. Mabawa yake yakikunjuliwa hufikia takriban mita 1.6, na ulimwenguni hapatikani kwingine isipokuwa kisiwa hiki. Babu aliwakalisha watoto juu ya gogo, akawasimulia kwamba yeye akiwa kijana popo hao walikuwa wakiwindwa kwa nyavu na bunduki, na miti yao ikikatwa, hata mwaka 1996 wataalamu wa dunia wakawaorodhesha miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Leo wamerudi kwa maelfu. Waliowarudisha ni wanavijiji wenyewe, waliounda vikundi vya kulinda miti wanamolala.

"Na popo hulipa," aliendelea Babu. "Anakula tunda hapa, mbegu anaitupa kule. Miti mingi mnayoiona hapa, mpanzi wake ni yeye."

Bibi yetu wa miaka 68 alisema kwa sauti ya chini kwamba maisha yake yote alikuwa akimwita popo ndege wa nuksi, na leo amejua kuwa ni mkulima. Tuliona katika maneno hayo somo kubwa kwa wazazi. Mtoto humchukia kiumbe kwa sababu ya neno alilolisikia kwetu, na humpenda kwa sababu hiyo hiyo.

Kinamasi na somo la tohara

Baada ya miti mirefu njia iliteremka, na ardhi ikaanza kubadilika chini ya miguu. Hapa maji hayaondoki hata wakati wa kiangazi. Miwale, yenye makuti marefu mno, husimama ndani ya tope jeusi, na mahali pengine magogo yamelazwa yawe daraja. Maji yake ni ya rangi ya chai iliyokolea. Babu alitueleza kwamba rangi hiyo si uchafu bali ni majani yaliyolowa muda mrefu. Bonde kama hili, alisema, hunywa mvua ya masika taratibu na kuitoa taratibu, kama mama mwenye akiba.

Hapo ndipo mweka hazina wetu, aliyekubali kusafiri kwa kuombwa na wanawe, alipokosea gogo na kuzama hadi magotini. Alipouvuta mguu, kiatu kilibaki. Watoto walijizuia kucheka mpaka alipocheka mwenyewe. Aliyemshika mkono na kumtoa ni mwanawe wa miaka 15, kijana ambaye baba yake alikuwa akitulalamikia kila wiki kwamba hatoki chumbani wala hasemi na mtu. Tuliwaona wawili hao wakiinama pamoja juu ya tope, wakikitafuta kiatu kwa kijiti, wakizungumza. Hatukujua walizungumza nini, wala haikutuhusu.

Tope lile lilileta masuala ya fiqhi, kama ilivyo kawaida ya watoto wa madrasa. Je, nguo iliyopakwa tope inafaa kusaliwa? Amiri aliwajibu kwamba asili ya udongo na maji ni tohara, na shaka haiondoi yakini. Tope halihukumiwi kuwa ni najisi mpaka ijulikane kwamba limeingiwa na najisi. Je, maji ya bahari yanafaa kutawadhia? Yanafaa, hata kama yana chumvi. Je, tumalize madumu ya maji matamu kwa udhu? La. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa maji kidogo, kadiri ya ujazo wa viganja viwili vilivyounganishwa, na israfu ni israfu hata mtu akiwa ukingoni mwa mto. Tunawahakikishia wasomaji kwamba masuala hayo matatu, waliyoyasoma ukutani kwa mwaka mzima, watoto waliyafahamu kwa robo saa wakiwa na tope miguuni.

Vumawimbi

Ng'ambo ya kinamasi udongo hugeuka mchanga, na miti mirefu huisha. Unafuata uwanda wa vichaka vifupi vyenye vijani vidogo kama sindano, mahali pa jua kali na ukimya. Kisha huanza kusikika mngurumo ambao mgeni hudhani ni upepo. Jina la mahali lilikwisha kutueleza: ni wimbi linalovuma. Tulipanda tuta la mchanga lililoshikwa na mimea ya kutambaa yenye maua ya zambarau, na pale juu bahari ikafunguka mbele yetu. Ufukwe ule unaenda mbali, mweupe kama unga, bila ya nyumba wala kelele. Watoto walikimbia. Bibi alivua makubazi, akasimama maji yakimfika vifundoni, akasema "Subhanallah" mara tatu.

Tulipokaa kivulini kula, binti mmoja wa miaka tisa, mtoto wa mwalimu wetu wa madrasa, aliteka mchanga kwa kiganja akamwendea mtembezaji.

"Babu, mchanga wote huu nani kauleta?"

"Mwenyezi Mungu, mjukuu wangu. Lakini kila jambo amelijaalia sababu. Unamjua pono?"

"Samaki mwenye mdomo kama kasuku."

"Huyo huyo. Pono hutafuna mwamba wa matumbawe kwa meno yake, hula kilicho chake, na kinachobaki hukitoa kikiwa mchanga. Ongeza makombe yaliyosagwa na mawimbi. Huu unaouchezea umetengenezwa punje kwa punje kabla babu wa babu yangu hajazaliwa."

Kisha Babu akatugeukia sisi watu wazima, akatuonesha lile tuta tulilolipanda. Alisema kwamba wengi huliona kama rundo tu, lakini kwa watu wa pwani tuta ni ukuta. Bamvua la maji makubwa likija na upepo, hupiga hapo na kurudi. Tuta likiondolewa, bahari huingia. Alituambia kwamba katika sehemu mbalimbali za Pemba wakulima wameyaacha mabonde ya mpunga waliyorithi kwa wazee wao kwa sababu maji ya chumvi yameyafikia. Sababu ni zaidi ya moja, alisema, na bahari yenyewe inapanda. Lakini katika ufukwe wa kwao, ambao hakututajia jina, sababu mojawapo anaijua kwa macho yake: malori yaliyokuja usiku kuchukua mchanga wa kujengea.

"Kisima cha nyumbani kwetu kilikuwa kikinyweka," alisema. "Leo hata kufulia hakifai. Sabuni haitoi povu."

Yule binti alikuwa bado amesimama, mchanga ukimtiririka vidoleni. Akauliza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Na mchanga wa madrasa yetu? Nao ni mweupe hivi hivi. Umetoka wapi?"

Hakuna aliyejibu. Mweka hazina alitutazama, nasi tukamtazama.

Msomaji wetu ana haki ya kuujua ukweli. Wiki tano kabla ya safari hiyo, kamati yetu ilinunua mchanga malori saba. Mwenye mchanga alitupa bei ya chini sana kuliko bei ya machimbo yaliyoruhusiwa. Mzigo uliletwa baada ya Sala ya Isha. Hakukuwa na kibali wala risiti ya mahali ulikotoka, na hatukuuliza. Fundi alituonesha vipande vya makombe ndani yake, akatutahadharisha kwamba mchanga wa baharini una chumvi inayokula nondo. Tulimwambia auchekeche na kuuosha. Tulifurahi kwamba tumeokoa fedha ya waumini. Hati ya malipo ilitiwa saini na kalamu hii hii inayoandika makala haya.

Kibla cha kaskazini

Ulipoingia wakati tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama ilivyo ruhusa ya msafiri. Mahali pale Makka iko kaskazini moja kwa moja, wala huhitaji kuelekea mashariki au magharibi. Tulipanga safu mchangani, wanaume mbele na wanawake nyuma, bila ya mkeka, na paji la uso likagusa ule mchanga tuliokuwa tukiuzungumzia. Tunakiri kwamba sijda ile ilikuwa nzito. Katika elimu tuliyoisoma chuoni tulihifadhi kanuni ya kutodhuru na kutodhuriana, pamoja na matawi yake yote, na tulifaulu mtihani wake. Tulijua pia kwamba Mtume (S.A.W.) aliiwekea Madina mipaka ambayo ndani yake miti haikatwi wala mawindo hayafukuzwi, na kwamba himaya ya ardhi kwa maslahi ya umma ni mlango unaojulikana katika fiqhi. Elimu hiyo yote ilikuwepo kichwani usiku ule malori yalipoingia uani. Haikuuliza swali ambalo mtoto wa miaka tisa aliliuliza.

Baada ya Sala tuliendelea kutembea, na kwa kuwa njia yetu ilielekea kaskazini, mwendo uliobaki wote ulikuwa wa kuelekea kibla. Amiri aliwaeleza watoto jambo hilo nao wakalifurahia. Kwetu sisi halikuwa jepesi, kwa kuwa si rahisi mtu kwenda saa nzima uso wake ukielekea Makka na huku moyoni amebeba malori saba.

Tulifika Ras Kigomasha jua likiwa limeshuka. Mnara wa chuma uliojengwa na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20 bado umesimama, na ukiwa hapo kisiwa chote huwa nyuma yako na mbele yako ni bahari tupu. Tulimwendea Babu, sisi na mweka hazina, tukamweleza habari yetu. Hatukuona busara kumficha mtu aliyetuambia habari ya kisima chake.

Hakutulaumu. Alitusimulia habari ya Misali, kisiwa kidogo kilichoko magharibi ya Chake Chake. Wavuvi husimulia kwamba Nabii Khidhr alifika hapo, akataka msala asali, na ulipokosekana alisema kisiwa chenyewe ni msala, kwa jinsi kilivyolala kuelekea Makka. Hata hivyo, watu waliokipa kisiwa jina la msala walikuwa wakivua kwa baruti pembezoni mwake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 eneo hilo lilipowekwa chini ya hifadhi, sheria peke yake haikuwatosha wavuvi. Ndipo wakaja masheikh na walimu, wakafundisha kwa Qur'ani na Sunna kwamba mwamba ni amana na mwanadamu ni khalifa, si mmiliki. Wako walioacha baruti kwa sababu ya darasa hizo, baada ya kutoacha kwa sababu ya doria.

"Mimi ni mmojawapo," alisema Babu. "Kwa hiyo msinione mwema. Mimi niliulizwa na sheikh. Nyinyi mmeulizwa na mtoto. Aliyeulizwa na mtoto ana bahati zaidi, kwa sababu mtoto atamwuliza tena."

Kikao cha Jumatano

Tuliporudi Unguja, kamati ilikutana siku ya Jumatano. Mweka hazina ndiye aliyesimama kwanza. Yeye aliyetetea kila shilingi ya ujenzi aliomba ujenzi usimamishwe. Haikuwa rahisi. Mjumbe mmoja alisema kwamba mchanga ni mchanga, na uliokwisha kuchimbwa haurudi baharini kwa majuto. Mwingine aliuliza tutawaambia nini wazazi, vuli ikiwa imekaribia na watoto bado wako barazani. Hayo yalikuwa masuala ya haki, na hatuwezi kudai kwamba yote tuliyapatia jibu.

Mwenye mchanga tulimwuliza umetoka wapi. Hakutaja mahali. Malori matatu yalikuwa yamekwisha kutumika katika msingi, na msingi hauwezi kufumuliwa bila ya kuharibu mali nyingine ya waumini. Tuliazimia mambo matatu. Kwanza, malori manne yaliyobaki yasitumike, na habari yake ipelekwe kwa sheha. Pili, mchanga uliobaki kuhitajika ununuliwe katika eneo lililoruhusiwa na Serikali, wenye kibali na risiti, na tofauti ya bei ilipwe na wajumbe wa kamati kutoka mifukoni mwao, si kutoka mfuko wa msikiti. Tatu, waumini waelezwe hadharani siku ya Ijumaa. Kalamu iliyotia saini ndiyo iliyosoma tangazo.

Baadhi ya wazazi walikasirika, na mpaka tunaandika hapa wapo wasioturudishia salamu kwa uchangamfu wa zamani. Darasa limefika usawa wa madirisha na kusimama. Ule mchanga mweupe uko uani chini ya turubai, ukingoja uamuzi wa wanaohusika, na watoto wamekatazwa kuuchezea. Kila siku wanapoingia madrasa hupita kando yake. Tulifikiri kuuhamishia mahali pasipoonekana, lakini mwenyekiti alikataa. Alisema uachwe uonekane.

Kwa familia zinazotaka kwenda

Wasomaji wengi wa ukurasa huu watataka kujua namna ya kuifanya safari hii, nasi tunawahimiza. Miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, haifai, maana kinamasi hujaa na njia huteleza. Baada ya masika, kipupwe kikiingia, ni nafuu zaidi. Pitieni langoni, lipeni ada na mfuate mtembezaji, kwani mtu hupotea kwa urahisi. Ulizieni habari ya kupwa na kujaa kwa maji kabla ya kuutembea ufukwe. Vaeni viatu vya kufunga, si malapa. Mama na mabinti wachague nguo nyepesi ya stara isiyoburura, kwani tope halimwonei mtu haya. Kila mmoja awe na maji yake, na mfuko mmoja wa kurudishia taka zote mlizokwenda nazo. Pangeni nyakati za Sala kabla ya kuondoka. Mtangulizeni mzee na mtoto.

Na mkifika juu ya tuta la Vumawimbi, kaeni kidogo kabla ya kuteremka. Waacheni watoto waulize. Tunaowalea katika dini tumezoea kuwa wao ndio wanaouliza na sisi ndio tunaojua, nasi hujibu upesi ili tuonekane tunajua. Safari hii liko swali tulilolikosea jibu, na kukosa jibu huko kumelinusuru jengo letu lisikamilishwe kwa kisima cha watu wengine.

Madrasa itaisha, inshaallah, hata ikichelewa mvua mbili. Yule binti wa miaka tisa bado anasomea barazani. Juma lililopita, lori la kwanza lenye risiti lilipoingia uani mchana kweupe, alimwendea dereva akamwamkia, kisha akamwuliza mchanga umetoka wapi. Dereva akacheka, akatoa karatasi mfukoni, akamsomea.

Tunamwomba Allah (S.W.) atusamehe tulichokitenda kwa kutouliza, atubarikie tutakachojenga kwa halali, na awahifadhi watu wa pwani zetu zote. Wabillahi tawfiq.